Nilivyofundisha Kupuuza Nikamkosa Somoe

Jamani, hili nalisimulia huku nimeinamisha uso, na anayetaka kucheka acheke haraka amalize, maana hata mie mwenyewe kuna siku nakumbuka nacheka kidogo, halafu kicheko kinakatika katikati nabaki natazama ukuta. Pale Manzese hadi leo kuna wauza mitumba ambao hawajui jina langu, wananiita "Mwizi wa Kikapu", nikipita wanakumbatia mifuko yao kwa mzaha, na mie natabasamu kama mtu aliyezoea. Sijazoea.

Mie ni mwalimu wa Kiingereza cha kuongea. Sina shule, nina chumba. Kipo nyuma ya karakana ya seremala, si mbali na Morogoro Road, kina mabenchi, ubao, na feni moja inayozunguka siku ikijisikia. Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaokuja jioni wakitoka kwenye shughuli zao: muuza spea anaitwa Kibonge (mwembamba kama ufagio, usiniulize), fundi cherehani mmoja, kinyozi, vijana wa bodaboda, na Mama Happy, mama wa Kipare anayeuza chapati, ambaye huja na hotipoti yake kabisa ili wakati wa mapumziko biashara isilale. Wananiita Ticha Mfaume, na niseme ukweli, hilo jina la ticha lilikuwa limeshaanza kunipanda kichwani. Nilikuwaga natembea na kalamu mfuko wa shati hata siku ya kwenda kunyoa.

Sasa wakati huo nilikuwa nimeposa. Binti anaitwa Somoe, anauza duka la dawa, ametulia, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, na alikuwa ananipenda, hilo sina shaka nalo mpaka kesho. Mshenga wangu, Mzee Mkwinda, alishapeleka barua kwao Kiwalani, ikapokewa vizuri, tukawa tunasubiri jibu. Kwao ni watu wa Nachingwea, na mie mwenyewe asili yangu Lindi kwa hiyo mambo haya nayajua: kwetu kusini baba anaweza kuongea sana, lakini neno la binti liko kwa mjomba. Mjomba akikubali, harusi. Mjomba akikunja uso, hata baba alie machozi, barua inarudi. Na mjomba wa Somoe alikuwa anajiandaa kupanda basi kuja Dar kutoa neno hilo.

Siku chache kabla, Somoe akanipigia simu. Sauti ya chini, ya mtu aliyejificha nyuma ya rafu.

"Mfaume, kuna maneno yamemfikia mjomba. Kaambiwa una dharau."

"Dharau gani tena?"

"Kwamba ukishajua Kiingereza chako watu huwaoni. Eti watu wazima huwaamkii."

"Ah, maneno ya watu hayo, achana nayo."

"Mfaume, mjomba hapendi mtu wa hivyo, nakwambia. Fanya kitu, hata..."

"Somoe mama, naandaa kipindi hapa. Hilo dogo."

Nikakata simu. Hilo dogo! Mungu anajua ningepata nafasi ya kuirudia simu moja tu katika maisha yangu ningeirudia ile.

Na kipindi chenyewe nilichokuwa naandaa (hapa ndipo nikifika watu huwa wananiomba nirudie, hawaamini) kilikuwa cha neno la Kiingereza "brush off". Tulilianza wiki iliyotangulia likawashinda. Kinyozi akashikilia kuwa ni kupiga kiatu brashi. Nikawaambia hapana, hayo ni maneno mawili yakikaa pamoja yanakuwa na maana yao: mtu anakuletea jambo lake, kwake yeye ni zito, wewe unalipangusa kama vumbi begani, humsikilizi, humpi hata jibu la maana, unaendelea na yako. Wanaitikia "ndiyo ticha", lakini macho yao yanaonyesha wako kwenye kiatu bado.

Basi mie nikapata wazo. Na wazo lenyewe dogo, ndiyo maana linaniuma. Ningeweza kuandika sentensi kumi ubaoni tukazinakili tukaenda zetu nyumbani. Mie nikasema hapana, hawa nitawafanyia mchezo, waone kwa macho. Nikamvuta Mama Happy pembeni, nikampanga: kesho wewe chelewa kidogo, piga hodi, sema una shida na mie na unaomba nikusikilize, mie nitakupa mgongo na kukupuuza mpaka darasa likuonee huruma, halafu ndiyo naligeukia darasa nauliza, nimefanya nini? Wengine wasiambiwe kitu, ili waamini ni kweli.

"Nisikasirike lakini?" akauliza Mama Happy.

"Kasirika kabisa. Ukikasirika ndiyo tamu."

Kesho yake jioni darasa limejaa, mie nipo ubaoni, mgongo mlangoni, mkono mmoja chaki mkono mwingine dasta. Seremala huko nyuma kawasha mashine yake ya randa, inalia, tunaongea kwa kupaza sauti kama kawaida yetu. Mara nikasikia mlangoni sauti ya mama: "Hodi. Asalam aleikum."

Nikajisemea moyoni, huyu Mama Happy hatari. Mpare, Mlutheri, wa kwaya kabisa, leo kaanza na salamu ya Kiislamu ili wenzake wasimshtukie! Sikuitikia. (Salamu ya Mwenyezi Mungu, jamani. Kwa mtu mzima.) Nikaendelea kuandika.

"Mwanangu," ile sauti ikasogea ndani, "nina neno dogo na wewe. Si la mbele za watu. Naomba unisikilize."

Na mashine inalia, na sauti yenyewe ya upole, nikazidi kumsifu kimoyomoyo, kumbe mama wa chapati ana kipaji hivi. Sasa mie mtu wa kushindwa na mwanafunzi? Nikajibu bila kugeuka, kwa ile sauti ya kuvuta ya mtu aliyeshiba:

"Shida zako nimezizoea, mama. Kila siku wewe. Niache nifanye kazi."

Kimya. Darasa zima kimya. Ningekuwa na akili ningesikia kwamba kimya kile hakikuwa cha mchezo.

"Sitakuchelewesha," akasema. "Ni kwa faida yako."

"Faida yangu naijua mwenyewe." Halafu, jamani, nikafanya ile ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kujifunika shuka mchana. Nikajipangusa bega kwa dasta. Pa, pa, pa, bila kugeuka, kama mtu anayeondoa vumbi, na dasta yenyewe ilikuwa imeshiba chaki ya wiki nzima. Wingu likaruka nyuma. Nikamsikia anakohoa.

Hapo darasa likaangua kicheko. Na mie kwa kusikia kicheko nikajua somo limeingia, nikainua dasta juu kama kombe, bado natazama ubao, nikapiga kelele: "Class! What did I do?"

Kibonge akaruka kutoka kwenye benchi, kalipata neno, furaha imemzidi: "Teacher brushed her off!"

"Again!"

"Teacher brushed her off!" darasa zima, kwa pamoja, wanamnyooshea vidole, na mashine ya seremala kwa bahati mbaya ikawa imezimwa muda huohuo, kwa hiyo nadhani hata mtaa wa pili walisikia.

Ndipo mlangoni ikaja sauti nyingine, inahema, imebeba hotipoti: "Hodi, mwalimu! Nisamehe nimechelewa, mafuta yalikwisha. Mwalimu, nina shida na wewe! Naomba unisikilize!" Na akapiga mguu chini, kakasirika kweli kama nilivyomwambia.

Nikageuka polepole.

Mlangoni Mama Happy. Mbele yake, hatua chache kutoka kwangu, mama mmoja mtu mzima, mfupi, baibui jeusi, nusu ya uso kaifunika kwa ushungi, mkononi kikapu cha ukindu. Begani na kichwani amejaa chaki, baibui jeusi limekuwa la kijivu. Na macho yale nilishayaona kwenye simu ya Somoe, kwenye picha anayoipenda kuliko zote, ya mama mkubwa wake aliyemlea tangu akiwa mdogo.

Hapa ngoja nieleze kwa wasiojua. Kwa wazee wetu, mama wa binti hamwendei mchumba kabla neno halijatoka. Ni aibu, ni kama anamuuza mwanawe. Kwa hiyo yule mama kuja pale peke yake, kuuliza njia kwa mafundi seremala, ilikuwa amevunja mwiko wake mwenyewe kwa ajili yangu, ndiyo maana hakutaja jina, ndiyo maana alijifunika, ndiyo maana alisema neno si la mbele za watu. Na mie watu nikawapigisha kiitikio.

"Shi... shikamoo mama," nikasema. Chaki imenidondoka.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Endelea na kazi." Akaweka kikapu juu ya benchi, akajipangusa ushungi kwa mkono, akampisha Mama Happy mlangoni, akatoka.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angevaa viatu vya heshima, angemtafuta mshenga wake, wakaenda Kiwalani taratibu. Mie nikanyakua kile kikapu nikatoka mbio. Nia yangu nimrudishie na nimweleze. Na wanafunzi wangu, ambao walishazoea kuwa kwa ticha kila kitu ni somo, wakadhani kipindi kimehamia nje, wakatoka wote nyuma yangu na madaftari mkononi, na Kibonge mbele yao anapaza sauti kwa Kiingereza, "Teacher is running after her! Running after!"

Ebu ione hiyo picha. Manzese, jioni, barabara imejaa. Mbele mama mtu mzima anatembea haraka kuelekea kituo cha mabasi ya mwendokasi, anafuta macho. Nyuma yake mwanaume anakimbia na kikapu cha kike. Nyuma ya huyo mwanaume watu kumi na kitu wanamfukuza wanapiga kelele kwa lugha isiyoeleweka. Ungekuwa wewe unauza mitumba pale ungedhani nini?

"Mwizi!"

Sikujua hata nani alisema. Nilichojua ni mtu kanipiga mtama, nipo chini, mkono wa shati umebaki kwa mwingine, makofi yanakuja kutoka pande ambazo sizioni, na mie kikapu nimekikumbatia (jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo) nalia "Mie mwalimu! Mie mwalimu jamani!" na sauti moja inajibu, "Mwalimu wa wizi!" Mama Happy anawapiga watu kwa mfuniko wa hotipoti. Kinyozi anajaribu kueleza kwamba ilikuwa ni maana ya neno. Nani ana muda wa maana ya neno?

Makofi yakapungua ghafla. Nikafumbua jicho, nikaona lile baibui lenye chaki.

"Muacheni," akasema, anahema. "Muacheni huyo. Huyo ni mkwe..."

Akasita. Watu wote wanamsubiri. Akanitazama pale chini, nikaona kabisa anavyolitazama lile neno alilokuwa analitoa, na anavyolimeza.

"Namfahamu," akasema. "Muacheni, namfahamu tu."

Makofi yote yale sikumbuki maumivu yake. Lile "tu" nalikumbuka mpaka leo.

Akageuka, akaingia kituoni. Sikumfuata. Na kikapu nikabaki nacho. Ndani kulikuwa na korosho, zilizobanguliwa kwa mkono, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa.

Usiku huohuo nikampigia Somoe, hapokei. Kesho yake asubuhi akapokea, nikamwaga maelezo yote kwa pumzi moja, mchezo, Mama Happy, mashine, chaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kilichomleta mama mkubwa wake. Wazee wote nyumbani walishaanza kukubaliana na yale maneno kwamba mie nina dharau. Mtu pekee aliyekuwa ananitetea ni huyo mama. Alisema kijana wa Lindi hawezi kukosa adabu, ni maneno ya wenye wivu. Akaamua aje kimyakimya aniambie nikampokee mjomba stendi mwenyewe, nimbebee begi, nimwamkie kwa mikono miwili, aone mwenyewe kwa macho yake kabla hajafika nyumbani kuongea na watu.

"Nilikuambia ufanye kitu," Somoe akasema, "ukaniambia dogo. Ndiyo nikamwambia mama."

Nikashusha simu, nikakifunga tena kile kitambaa cha korosho.

Tulienda, mie na Mzee Mkwinda, kuomba radhi Kiwalani kabla mjomba hajakaa na wazee. Mzee Mkwinda ana maneno, ameshasuluhisha ndoa za watu zilizokufa kabisa, lakini hata yeye alipofika sehemu ya dasta aliangalia miguu yake. Mie nikasimama nikataka kuwaonyesha jinsi ilivyokuwa, kwamba nilikuwa naigiza, nikainua mkono mpaka begani, Mzee Mkwinda akanivuta shati nikakaa. (Nashukuru. Nilikuwa naenda kuwafanyia tena, sebuleni kwao.)

Mama Mkubwa akasema amenisamehe. Alisema mbele ya wote, kwa moyo mweupe, akatuletea na chai. Nikatoka pale nina tumaini.

Lakini siku wazee walipokaa, mjomba hakuuliza habari za mchezo wala za Kiingereza. Somoe ndiye aliyenisimulia, alikuwa chumbani nyuma ya pazia. Mjomba alimgeukia dada yake akamuuliza swali moja, kwa sababu alijua yeye ndiye aliyekuwa ananitetea: "Wewe umemwona. Nikimpa mtoto wetu, siku mtoto akiwa na neno lake, atasikilizwa?"

Na mama yule hasemi uongo. Alifungua mdomo, akaufunga. Akashika ushungi wake akawa anaukunja na kuukunjua, na kule chumbani Somoe anaomba Mungu mama aseme neno lolote, hata moja. Hakusema. Mjomba akasubiri kiasi cha kutosha, halafu akasema basi.

Barua yetu ikarudi ndani ya kitambaa kilekile cheupe tulichoipeleka nacho. Somoe alinipigia kunieleza, analia, na kabla hajakata akaniuliza kitu ambacho hakikuwa cha ugomvi, aliuliza tu kwa sababu alitaka kujua: "Mfaume, mama anasema hata hukutafuta maneno. Yalikuja yenyewe. Ulifanyaje vizuri vile kama ulikuwa unaigiza?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Yale maneno sikuyatunga kwa ajili ya mchezo, ni yaleyale nilikuwa nawapa watu kila siku, fundi wa feni, mama mwenye nyumba, yeye mwenyewe Somoe kwenye ile simu. Siku ile nilichoongeza ni chaki tu.

Darasa bado lipo. Niliporudi kwa mara ya kwanza, jicho limevimba, wote walijiinamia kwenye madaftari, mpaka Kibonge akanyoosha mkono akauliza kwa adabu kama lile neno tutalimalizia. Nikamwambia tulishalimaliza. Hakuna hata mmoja aliyelisahau, hilo nawahakikishia. Ni somo pekee nililofundisha ambalo darasa zima lina mfano wake.

Ubao nimeuhamisha. Sasa nafundisha uso ukiwa mlangoni. Kile kikapu nilijaribu kukirudisha Kiwalani kupitia kwa Mzee Mkwinda, kikarudi na salamu kwamba zawadi hairudishwi, basi nimekitundika kwenye msumari karibu na dirisha, na Mama Happy alipokiomba cha kuwekea chapati nikamkatalia. Na hodi ikipigwa, awe muuza karanga, awe mtoto anatafuta mpira, hata kama nipo katikati ya sentensi, naweka chaki chini, nasimama, natanguliza shikamoo kabla sijaona ni nani. Watoto wanacheka. Mie namtazama anayeingia, kwanza begani, halafu usoni, na mpaka leo hajawahi kuwa yule mama.